Ngara hadi Kigali: kilometa 90 angani, zaidi ya 200 barabarani

MKULIMA wa Ngara mkoani Kagera anapoambiwa na mnunuzi kwamba bei ya maharage yake iko chini kwa sababu "soko liko mbali", kwa kawaida hana la kujibu. Anajua kwamba Dar es Salaam ni mbali. Anajua kwamba gari hula mafuta, na kwamba mnunuzi asipochukua mzigo leo, fedha za mahitaji ya nyumbani zitakosekana kesho. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo huwa haliulizwi pale kwenye mizani: mbali kiasi gani, na kwa njia ipi?

Swali hilo si la wanafunzi wa jiografia peke yao. Ni swali la fedha. Bei anayopewa mkulima shambani ni bei ya sokoni ukiondoa gharama zote za kuufikisha mzigo huko pamoja na faida ya mnunuzi. Asiyejua gharama hizo hawezi kujua kama anapunjwa au anatendewa haki. Mkulima asiyepima umbali wa soko lake atapimiwa na mnunuzi, na mnunuzi hatakosea kwa hasara yake mwenyewe.

Wilaya za Ngara na Biharamulo ni mfano mzuri wa jambo hili. Ziko pembezoni mwa nchi, lakini pia ziko katikati ya masoko mengi. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na malori ya nchi hizo yanayokwenda na kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo. Upande wa mashariki upo mji wa Mwanza, na kaskazini upo Bukoba, makao makuu ya mkoa.

Mstari ulionyooka unasemaje

Umbali wa angani ni urefu wa mstari ulionyooka kutoka mji mmoja hadi mwingine, bila kujali mlima, mto, hifadhi wala mpaka. Kwa miji inayowahusu wakulima wa wilaya hizi, umbali huo kwa makadirio ni kama ifuatavyo:

Ngara hadi Kigali: kilometa 90.
Ngara hadi Bujumbura: kilometa 175.
Ngara hadi Bukoba: kilometa 180.
Ngara hadi Mwanza: kilometa 250.
Ngara hadi Dodoma: kilometa 700.
Ngara hadi Dar es Salaam: kilometa 1,070.
Biharamulo hadi Bukoba: kilometa 155.
Biharamulo hadi Mwanza: kati ya kilometa 175 na 180.
Biharamulo hadi Dar es Salaam: kilometa 1,000.

Kwa kulinganisha, kutoka London, Uingereza, hadi Paris, Ufaransa, ni takriban kilometa 340 kwa mstari wa angani. Kutoka Paris hadi Roma, Italia, ni takriban kilometa 1,100. Kwa maneno mengine, mkulima wa Ngara anayepeleka mzigo Dar es Salaam anaupeleka karibu umbali ule ule wa kutoka mji mkuu wa Ufaransa hadi mji mkuu wa Italia, ila yeye hajatoka nchini mwake.

Wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu kwenye ramani ya ukutani ya shule Ulaya huonekana kubwa. Sababu ni kwamba dunia ni mviringo na ramani ni karatasi bapa, hivyo ramani nyingi za aina hiyo hutanua nchi zilizo mbali na Ikweta. Ukweli ni kwamba eneo la Tanzania ni kubwa kuliko Ufaransa ya Ulaya na Uingereza zikiunganishwa pamoja.

Kupima bila fundi

Kupima umbali wa angani hakuhitaji chombo cha gharama. Aliyefika darasa la saba akikumbuka latitudo na longitudo anaweza kufanya hesabu hiyo kwenye karatasi. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilometa 111 popote duniani. Nyuzi moja ya longitudo nayo ni takriban kilometa 111 kwenye Ikweta, na kwa kuwa Kagera iko jirani na Ikweta, kipimo hicho kinatosha kutumika huku.

Biharamulo iko karibu na longitudo 31.3 mashariki na Mwanza iko karibu na longitudo 32.9, na miji yote miwili iko karibu latitudo moja. Tofauti ni nyuzi 1.6. Zidisha kwa 111, unapata kilometa 178. Ulaya hesabu hiyo haifai kwa namna hiyo, kwa sababu kadiri unavyokwenda kaskazini mistari ya longitudo husogeleana. Kwenye latitudo ya 50, nyuzi moja ya longitudo ni takriban kilometa 72 tu.

Siku hizi mwenye simu ya intaneti anaweza kupata umbali wa barabara na wa mstari ulionyooka kwa kutumia programu ya ramani. Kinachotakiwa ni kuziandika tarakimu zote mbili na kuzilinganisha. Gawanya kilometa za barabara kwa kilometa za angani. Jibu likiwa 1.2 au 1.3, barabara imenyooka vya kutosha. Likivuka 2, kuna kitu kinachokuzungusha, na inafaa ukifahamu.

Mji wa jirani, njia ndefu

Chukua safari ya Dar es Salaam. Kutoka Ngara, barabara inazidi kilometa 1,300 kidogo, wakati mstari wa angani ni kilometa 1,070. Jibu la mgawanyo ni kati ya 1.2 na 1.3. Pamoja na urefu wake wote, njia hiyo haizunguki sana.

Sasa chukua Kigali. Angani ni kilometa 90 tu, pungufu ya safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze. Lakini mzigo haupandi angani. Gari linalofuata lami kutoka Ngara linapita kwanza Benaco, linageuka kwenda mpakani Rusumo, linavuka Mto Kagera, kisha linapita Kibungo na Kayonza ndipo liingie Kigali. Safari nzima inazidi kilometa 200. Jibu la mgawanyo ni zaidi ya 2.

Hapo ndipo penye fundisho. Mji ulio karibu zaidi ndio wenye mzunguko mkubwa zaidi. Sababu ni kwamba mto na mpaka vimekaa katikati, na magari ya mizigo ya upande huo hutegemea daraja la Rusumo. Daraja la zamani lilijengwa mwaka 1972. Jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japan pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, lilizinduliwa rasmi Aprili 2016 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Paul Kagame wa Rwanda.

Hali kama hiyo ipo hata ndani ya mkoa. Ngara na Biharamulo zimetengana kwa takriban kilometa 75 za angani, lakini barabara ya lami inayopita Benaco na Lusahunga inazidi kilometa 120. Kutoka Ngara hadi Bukoba, mstari ulionyooka wa kilometa 180 unakatiza pori ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Anayezunguka kwa gari kupitia Biharamulo anakwenda zaidi ya kilometa 300.

Wenye malori ya nje nao wanalijua jambo hili. Ukipima angani kutoka Dar es Salaam, Kigali na Bujumbura ziko karibu umbali mmoja, takriban kilometa 1,160 kila mmoja. Barabarani Kigali ni karibu kilometa 1,500, na Bujumbura kupitia Kabanga na Kobero ni zaidi ya 1,600. Ramani inasema miji hiyo iko sawa, lakini tenki la mafuta linasema vingine.

Daraja linapofupisha safari

Umbali wa angani kati ya miji miwili haubadiliki. Kinachobadilika ni muda na gharama. London na Paris zilikuwa kilometa 340 tangu enzi na enzi, lakini kati yao ipo bahari, na msafiri wa nchi kavu alilazimika kusubiri meli. Mei 1994 njia ya reli iliyochimbwa chini ya bahari hiyo, yenye urefu wa takriban kilometa 50, ilizinduliwa, na sasa treni ya abiria inakwenda kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa muda usiozidi saa mbili na nusu. Miji haikusogezwa hata hatua moja. Kilichoondolewa ni kusubiri.

Mfano wa karibu na nyumbani ni Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi mkoani Mwanza, lenye urefu wa takriban kilometa tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo, gari lililotoka Biharamulo kupitia Geita kwenda Mwanza lilifika Busisi na kupanga foleni ya kivuko. Anayepeleka nyanya, ndizi mbivu au samaki anajua maana ya foleni kwenye jua. Kwa mkulima wa Biharamulo, daraja hilo limeisogeza Mwanza karibu zaidi, ingawa mstari wa angani umebaki kilometa zile zile.

Kwa hiyo, mkulima anapohesabu umbali asihesabu kilometa peke yake. Ahesabu pia saa. Kilometa 100 za lami bila kizuizi zinaweza kuwa fupi kuliko kilometa 20 za matope wakati wa masika.

Umbali kwa shilingi

Hebu tuuweke umbali huu kwenye shilingi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mkulima aweke zake kulingana na bei za msimu na za mahali alipo.

Tuseme kilo moja ya maharage inauzwa Sh 2,000 mjini, na mnunuzi anayefika kijijini anatoa Sh 1,600. Tofauti ni Sh 400 kwa kilo. Mkulima mwenye magunia matano ya kilo 100 anaona Sh 200,000 zikimpita, anaamua kusafirisha mwenyewe.

Nauli ya mzigo mdogo ni Sh 250 kwa kilo. Kupakia na kushusha ni Sh 20. Magunia na ushuru ni Sh 40. Upungufu wa asilimia mbili, kwa punje zinazomwagika na zinazochambuliwa, ni Sh 40. Nauli yake mwenyewe, chakula na malazi, kwenda na kurudi, ni Sh 200,000, ambazo ukizigawa kwa kilo 500 ni Sh 400 kwa kilo. Jumla ni Sh 750. Tofauti ya bei ilikuwa Sh 400. Amepata hasara ya Sh 350 kwa kila kilo, yaani Sh 175,000 kwa mzigo wote, mbali na siku alizopoteza.

Sasa tuseme wakulima 20 wenye magunia matano kila mmoja wameungana. Wana magunia 100, sawa na tani 10, na gari zima. Nauli ya gari zima inashuka hadi Sh 180 kwa kilo. Kupakia na kushusha ni Sh 20, magunia na ushuru Sh 40, upungufu Sh 40. Wanamtuma mtu mmoja kwa zile zile Sh 200,000, ambazo sasa ni Sh 20 kwa kilo. Jumla ni Sh 300. Zinabaki Sh 100 kwa kilo, yaani Sh 1,000,000 kwa gari zima, au Sh 50,000 kwa kila mkulima.

Barabara haikufupishwa na mafuta hayakushuka bei. Kilichobadilika ni idadi ya magunia yanayogawana umbali.

Lakini faida hiyo inalindwa na muda. Kama gari likikwama na mwenye gari akadai Sh 200,000 kwa kila siku ya kusubiri, hiyo ni Sh 20 kwa kilo kwa siku. Siku tano za kusubiri zinamaliza faida yote. Ndiyo maana kabla ya gari kuondoka ni lazima vibali viwe tayari, mnunuzi wa mjini awe amepatikana, na makubaliano ya siku za kusubiri yawe yameandikwa.

Aidha, ikumbukwe kwamba mwaka 2017 sheria ya ushuru wa mazao ilibadilishwa, ikapunguza viwango na kuondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kabla ya kusafirisha, mkulima aulize halmashauri yake kiwango cha msimu husika na adai stakabadhi.

Lumbesa ni umbali uliofichwa

Wapo wanunuzi ambao hawapunguzi bei kwa maneno. Wanapunguza kwa gunia. Kwa kuwa nauli mara nyingi hutozwa kwa gunia na si kwa kilo, kila kilo inayoongezwa juu ya gunia husafiri bila nauli. Hapo ndipo ilipo nguvu ya lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba kichwani.

Tuseme gunia la kilo 100 linanunuliwa kwa Sh 160,000, lakini lililojazwa lumbesa lina kilo 120. Mkulima amepokea Sh 160,000 kwa kilo 120, yaani Sh 1,333 kwa kilo, wakati anaamini ameuza kwa Sh 1,600. Amepoteza thamani ya Sh 32,000 kwa gunia moja. Kwa magunia matano ni Sh 160,000.

Fedha hizo zinakaribia kulingana na tofauti yote ya bei kati ya kijijini na mjini katika mfano wetu. Yaani mkulima amelipa gharama ya umbali mara mbili: mara ya kwanza kwenye bei, mara ya pili kwenye kilemba. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuisimamia. Hata hivyo, dawa ya kwanza ni mizani kijijini. Kikundi chenye mizani iliyohakikiwa na Wakala huuza kilo, hakiuzi magunia.

Nini kinaweza kupanda ndege

Kwa kuwa ndege ndiyo inayofuata mstari ulionyooka, wengi huuliza kama mazao ya huku yanaweza kusafiri kwa anga. Jibu linategemea thamani ya kilo moja. Ndege huuza nafasi kwa uzito na kwa ukubwa wa mzigo, na nauli yake kwa kilo ni kubwa mno kwa mahindi, mihogo au ndizi.

Tangu miaka ya 1990 minofu ya sangara kutoka Mwanza imekuwa ikisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Mstari wa angani kutoka Mwanza hadi Brussels, Ubelgiji, ni takriban kilometa 6,500. Maua ya Kenya hutoka Nairobi hadi Amsterdam, Uholanzi, takriban kilometa 6,700. Bidhaa hizo zinaweza kulipa nauli kwa sababu kilo moja ina thamani kubwa sokoni na huharibika haraka ikichelewa.

Ngara yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Ndege za misaada zilitua wilayani zikileta wafanyakazi na vifaa vya haraka. Lakini uzito wa chakula cha watu wote hao ulibebwa na reli na malori. Ndege hubeba cha haraka na cha thamani. Tani za mahindi ni kazi ya magurudumu.

Kwa sasa, wakazi wa Biharamulo wana uwanja wa ndege wa Chato chini ya kilometa 50 kwa mstari ulionyooka, ambako ndege za abiria za ratiba zilianza kutua mwaka 2021. Kwa mkulima wa Ngara, uwanja mkubwa wa kimataifa ulio karibu zaidi kwa mstari wa angani uko Kigali, katika nchi nyingine. Mazao yanayoweza kufikiriwa kwa njia hiyo ni yale yenye thamani kubwa kwa kilo, kama vanila iliyokaushwa, ambayo hulimwa mkoani Kagera.

Kwa mazao mengine, njia ya kupunguza umbali ni kupunguza uzito. Mihogo mibichi kwa sehemu kubwa ni maji. Kilo tatu za mihogo mibichi hutoa takriban kilo moja ya makopa. Anayesafirisha mibichi analipa nauli ya kusafirisha maji. Kahawa nayo ni hivyo hivyo: kilo tano hadi sita za matunda mabichi ya arabika hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi. Kila hatua ya kukausha, kukoboa na kuchambua inayofanyika kijijini hupunguza kilo zinazolipiwa nauli.

Mpaka nao una kilometa zake

Mkulima anayetazama Kigali au Bujumbura asisahau kwamba mpaka nao ni umbali. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Vituo vya pamoja vya forodha vya Rusumo na Kabanga-Kobero vinaruhusu mzigo kukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimamishwa kila upande.

Kwa mfanyabiashara mdogo, upo utaratibu uliorahisishwa wa jumuiya kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Mwenye mzigo hupata cheti cha uasili hapo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiondoi mahitaji mengine. Mazao ya mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka husika, na nafaka zinaweza kuhitaji kibali cha kusafirisha nje.

Yapo pia mambo madogo yanayogharimu. Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo anayepanga kukutana na mnunuzi saa nne asubuhi aulize ni saa nne ya upande gani. Ng'ambo ya Rusumo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Fedha ni faranga, na anayebadilisha fedha bila kuuliza viwango anaweza kuacha faida yake yote mpakani.

Zaidi ya yote, amri moja inaweza kuurefusha mpaka kwa siku moja. Mwaka 2017 serikali ilizuia kusafirisha mahindi nje ya nchi, na aliyekuwa ametegemea soko moja tu la ng'ambo alibaki na mzigo ghalani. Zuio hilo liliondolewa baadaye, lakini somo lilibaki: soko la karibu lisiwe soko la pekee.

Gari linalorudi tupu

Ipo nafasi moja ambayo wakulima wengi wa wilaya hizi wanaiona kila siku bila kuihesabu. Malori yanayopita Nyakanazi, Lusahunga na Benaco hupeleka mizigo mingi ya bandarini kwenda Rwanda na Burundi kuliko ile yanayorudi nayo. Lori linalorudi Dar es Salaam bila mzigo limekwisha kulipiwa mafuta ya kwenda, na mwenyewe yuko tayari kupunguza nauli kuliko kurudi na turubai tupu.

Hii ina maana kwamba kilometa zile zile zina bei mbili. Kutoka Dar es Salaam kwenda Ngara nauli ni ya gari linalotafutwa. Kutoka Ngara kwenda Dar es Salaam nauli inaweza kuwa ya gari linalotafuta mzigo. Lakini dereva hawezi kuingia vijijini Rulenge au Murusagamba kukusanya gunia moja moja. Anahitaji kukuta tani zake zimepangwa kando ya barabara kuu, zimepimwa na zina karatasi zake. Chama cha ushirika au kikundi chenye ghala Benaco, Nyakahura au Lusahunga kinaweza kuzungumza naye. Mkulima mmoja mmoja hawezi. Kikundi kihakikishe tu kwamba gari lina kibali cha kubeba mizigo ya ndani ya nchi, kwani si kila gari la masafa ya nje lina ruhusa hiyo.

Hatua ya kuanzia ni daftari moja kwa kila kikundi. Ukurasa mmoja kwa kila soko: Mwanza, Bukoba, Kahama, Dar es Salaam, Kigali, Muyinga, Bujumbura. Kila ukurasa uwe na kilometa za angani na za barabara, siku za safari, nauli ya kilo kwa gari zima, ushuru, vibali, na bei ya sokoni ya wiki hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kikundi kikiwa na daftari hilo, mnunuzi atakapofika kijijini na kusema soko liko mbali, katibu atamwomba ataje soko lenyewe. Atafungua ukurasa wake, atatoa gharama zote kutoka kwenye bei ya mjini, ataacha na faida ya haki ya mfanyabiashara, kisha atamsomea tarakimu inayobaki. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yaanzie.